Rangi Aliyopaka Mama

Bweni la Chuo cha Ualimu
Allahabad
9 Novemba 1986

Kaka Raghuraj,

Nagusa miguu yako na ya mama kwa heshima.

Nimefanya. Barua ya kwanza kwa Girdhari imetoka leo, nimeitumbukiza posta kwa mkono wangu. Nimejiita Nirupama, mjane, wa kile chama cha akina mama wanaowapelekea wafungwa magazeti. Anwani ni ya kwao Hemlata, mwenzangu wa chumbani. Yeye anadhani nina mchumba wa siri, na ananitania kutwa.

Uliniuliza kama nitaweza. Nimeweza, Kaka. Nilikuwa na miaka kumi na sita walipomleta dada Indu nyumbani juu ya kitanda cha kamba, ameopolewa mferejini, na Girdhari, yule mpiga tarumbeta wa harusini, amefungwa mikono nyuma ya gari la polisi. Hakimu akampa kifungo cha maisha. Maisha ya nani? Ya dada yalikwisha. Yeye anakula, analala, na sasa amekata rufaa.

Umesema wakimtoa kwa dhamana atajichimbia mahali tusimpate tena. Basi mimi ataniambia. Mwanamume aliyekaa jela muda wote huo bila kuandikiwa na mwanamke atasema hata asichoulizwa. Nikishajua alipo, yaliyobaki ni yako. Sitaki kujua utafanyaje.

Mwambie mama nakula vizuri.

Mdogo wako,
Vasudha


Jela Kuu, Gwalior
30 Novemba 1986

Bibi Nirupama,

Magazeti yamefika, asante. Yamefika na matundu, maana askari hukata habari zote za wizi tusije tukapata ujuzi mpya. Yaliyobaki ni bei ya vitunguu na matangazo ya watu wanaotafuta wachumba. Nimeyasoma yote kwa makini. Kuna bwana wa Kanpur anataka mke mweupe, mwembamba, mpole, mpishi hodari, tena mwenye shahada. Nadhani huyo bado anatafuta.

Unauliza nina shida gani. Nina shida ya mafuta ya tarumbeta. Mkuu wa jela ametuundia bendi, akanipa tarumbeta la zamani ambalo kila nikibonyeza linalia kama mlango wa zizi. Mpiga ngoma wetu aliiba baiskeli ya hakimu, akamuuzia karani wa hakimu huyohuyo. Ndiyo maana mapigo yake yanakwenda mbio, bado anajiona anakimbizwa.

Barua zetu husomwa na mtu kabla hazijatoka na kabla hazijaingia, kwa hiyo na yeye namsalimu. Habari za kesi yangu sitakuandikia. Niliieleza mpaka mate yakanikauka, na kila nilichosema kikaandikwa kinyume. Kama hilo linakuudhi, usinijibu, na magazeti nitayashukuru vilevile.

Girdhari
zamani wa Bendi ya Gulshan, Morena


Allahabad
21 Desemba 1986

Bwana Girdhari,

Nimekutumia chupa ya mafuta ya cherehani. Mwuza duka ameapa yanafaa kwa tarumbeta pia, ingawa nadhani angeapa yanafaa hata kwa kukaangia sambusa.

Sikuulizi habari za kesi. Nieleze za harusi. Mimi harusi nimezionea ndani tu, upande wa wanawake, tukisikia bendi inakuja kwa mbali na shangazi wanagombania dirisha. Ninyi mlioko nje mnaona nini?

Nirupama


Morena
18 Januari 1987

Vasudha, mdogo wangu,

Nimempa dereva wa lori kashata za ufuta akuletee. Kula mwenyewe, usiligawie bweni zima kama mwaka jana. Baridi imekaza huku. Mama yu mzima, anasali, hasemi. Kiwandani kwetu tunamalizia kukamua mafuta ya haradali ya mwaka jana, na mimi nalala hukohuko siku nyingi. Nyumbani usingizi hauji.

Barua yake uliyoninukulia nimeisoma. Anachekesha. Na Indu alichekeshwa hivihivi. Wewe usicheke.

Nakuomba jambo moja kama kaka, na kwa kuwa baba hayupo, kama baba. Usimuulize habari za siku ile. Hata akianza mwenyewe, mgeuzie maneno. Mtu aliyeko jela anao muda wa kuutengeneza uongo mpaka ukaota miguu, na wewe bado mtoto, utaumia bure. Kazi yako ni kujua atakuwa wapi, basi.

Kuna familia ya Bhind imeulizia habari zako. Kijana ni mhandisi wa maji, mtu mtulivu. Nimewaambia wangoje mpaka jambo letu liishe.

Kaka yako,
Raghuraj


Jela Kuu, Gwalior
20 Februari 1987

Dada Nirupama,

Mafuta ya cherehani yamefanya kazi. Tarumbeta sasa linateleza kiasi kwamba makosa yote ni yangu.

Umeuliza tunaona nini. Sisi wa bendi ni watu wa ajabu. Tunavaa koti jekundu lenye vifungo vya dhahabu kama majenerali, bwana harusi anapita juu ya farasi nyuma yetu, watu wanacheza mbele yetu, na hakuna hata mmoja anayetutazama usoni. Tukifika mlangoni tunaambiwa, haya, inatosha, nendeni mkale kule nyuma. Nilizoea. Baba yangu alipiga, babu alipiga.

Kisha siku moja, harusi ya watu wakubwa, tuko katikati ya wimbo, nikasikia sauti kutoka juu ya paa. "Wewe wa pili kutoka kushoto, umekosea mara mbili." Nikatazama juu. Msichana ameinama ukingoni, anakula pera. Nikamwambia, "Bibi, wenzangu wamekosea mara kumi." Akasema, "Wao nimeshawakatia tamaa." Na akanitupia pera lililobaki.

Hivyo tu. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza kiasi cha kujua nimekosea wapi. Mengine huyu bwana anayesoma barua hahitaji kuyajua.

Wewe marehemu mumeo alikuwa mtu wa namna gani? Huandiki kamwe habari zake. Kama inauma, acha.

Girdhari


Allahabad
16 Machi 1987

Kaka,

Leo Holi. Bweni zima liko uani linarushiana rangi kwa ndoo na vibomba, mimi nimejifungia. Hemlata amenipaka rangi ya kijani kupitia dirishani na kukimbia.

Girdhari ameandika habari za msichana aliyekula pera juu ya paa. Hakumtaja jina. Kaka, ilikuwa harusi ya binti wa mjomba, na mimi nilikuwa palepale nyuma ya Indu, nimeshika kisu na chumvi. Nilisikia akimkosoa mtu bila kujua ni nani. Namchukia kwa kunirudishia sauti yake. Namchukia zaidi kwa kuwa nilicheka, nawe ulinikataza.

Nimekaa nikikumbuka Holi ile aliyokufa Indu. Kila mtu hukumbuka jioni yake, mimi hukumbuka alasiri. Uliingia kwa mlango wa nyuma ukiwa umetoka kuoga, nywele mbichi, nguo nyeupe pe. Mama akakuona, akaliendea sinia la rangi, akakupaka kwa mikono yote miwili, nyekundu na zambarau, kichwani, shingoni, kifuani, mpaka ndani ya masikio. Mama yetu, ambaye tangu baba afariki hakugusa rangi kwa kuwa mjane hachezi Holi. Mimi nilikuwa ngazini. Nikajiambia, leo mama amesahau huzuni yake. Wewe ukasimama tu kama mtoto anayevalishwa.

Muda si mrefu wakamleta Indu. Kwa hiyo ile ndiyo picha ya mwisho ya raha niliyo nayo ya nyumba yetu, nami huitoa na kuitazama nikizidiwa. Nimeona nikuandikie, maana sijawahi kukuambia.

Vasudha


Morena
12 Aprili 1987

Vasudha,

Mahakama Kuu imempa dhamana. Wakili anasema atatoka kabla ya mwisho wa mwezi wa tano. Sasa ndio wakati. Mwambie Nirupama anataka kumwona. Iwe Jhansi, stesheni, mahali pa watu wengi wasiojuana. Mwambie utavaa sari ya manjano na utakaa benchi la mwisho, karibu na tangi la maji. Hutakwenda wewe. Nitakwenda mimi.

Kuhusu Holi ile, umekosea. Mama hakunipaka rangi. Nilipakwa mtaani na watu, tangu asubuhi, kila mtu anajua. Ulikuwa mtoto, na siku ile ilituchanganya akili sote. Usimwandikie wala kumsimulia mtu mambo usiyoyakumbuka sawasawa. Barua ile nimeichoma.

Kula vizuri. Umekonda katika picha uliyotuma.

Raghuraj


Allahabad
3 Mei 1987

Bwana Girdhari,

Nimesoma gazetini kwamba utatoka. Nimefurahi, na nimeshangaa jinsi nilivyofurahi.

Ningependa kukuona mara moja, nimjue mtu ninayemwandikia. Mwezi wa saba nitapita Jhansi kwenda kwa ndugu zangu. Tarehe kumi na moja, treni ya mchana. Nitakuwa benchi la mwisho la stesheni karibu na tangi la maji, na sari ya manjano. Ukitoka, niandikie uko wapi ili nijue kama barua hii ilikufikia.

Kuhusu mume wangu, sikuwa na mume wa kumweleza. Ndivyo naweza kusema kwa sasa.

Nirupama


Datia, kwa dada yangu
14 Juni 1987

Nirupama,

Nimetoka. Dada yangu amenipa chumba cha juu na anapita kila saa kuhakikisha bado nimo. Hii ndiyo barua yangu ya kwanza isiyosomwa na mtu wa tatu, nami kila nikiandika sentensi nasita, nangoja mtu akohoe.

Nitakuja Jhansi. Nimenunua shati. Dada anasema rangi yake ni ya bwana harusi wa mara ya pili, nikamwambia afadhali kuliko ya mfungwa wa mara ya kwanza.

Lakini hutakaa benchi moja na mimi bila kujua mimi ni nani, na nilikuficha hilo kwa sababu ya yule msomaji. Sasa nakueleza.

Msichana wa paani aliitwa Indumati. Kaka yake ana kiwanda cha mafuta ya haradali Morena. Watu wa aina yake huoana wao kwa wao, na mimi ni mtoto wa matarumbeta. Tukapanga tuondoke siku ya Holi alasiri, kwa kuwa siku hiyo kila uso una rangi na hakuna anayemtambua mwenzake. Begi lake alilificha kiwandani, kwa kuwa siku ya sikukuu hapana mtu. Angelichukua, angekuja stesheni. Mimi nilikuwa stesheni na tiketi mbili, uso kijani na mwekundu, mama yangu mwenyewe asingenijua.

Treni ikaja ikaondoka. Nikafuata njia ya mfereji, ule unaopita nyuma ya kiwanda, na hapo nikaona shali yake majini. Nikajitosa. Watu walipofika walinikuta nimempakata ukingoni, nalia kama ng'ombe. Wakaona wameshamwona muuaji.

Nirupama, nilipompakata, msuko wake uliniteleza mkononi kama samaki. Ulikuwa umelowa mafuta ya haradali, mazito, na maji yalikuwa yakikimbia juu yake. Usoni hakuwa na hata tone la rangi, siku ambayo Morena nzima hata mbuzi walikuwa na rangi. Nikamwambia hakimu kwamba huyu hakufia mferejini, alifia kiwandani, na siku ile mwenye kuingia humo bila kuulizwa alikuwa mtu mmoja.

Basi kaka yake akasimama, akaapa kwamba alikuwa mtaani akicheza Holi tangu asubuhi. Wakaja majirani, watu wa heshima zao, wakasema ni kweli walimwona, nguo zake zote nyekundu na zambarau mpaka masikioni. Wakili wao akauliza, mtu aliyepakwa rangi kiasi hicho alipata wapi nafasi ya kufanya jambo lingine? Ukumbi ukacheka. Kesi yangu iliishia pale, kwenye nguo za mtu.

Sasa umejua. Ukiona huwezi, usije, sitalaumu. Ukija, nitakuambia jambo la pili ambalo ni la aibu zaidi. Kwa miezi hii yote nimekuwa nikianza kuusahau uso wa Indu, na mahali pake nawaza uso ambao sijawahi kuuona.

Girdhari


Allahabad
22 Juni 1987

Kaka,

Sikosei kukumbuka. Nilikuwa ngazini. Ulikuwa msafi.

Nilikuandikia habari ile kama zawadi, nawe ukaichoma. Kama ungeniacha niamini kwamba mama alisahau huzuni, labda ningeendelea kuamini mpaka nife. Lakini ulikana jambo lililokuwa zuri, na mtu hakani jambo zuri bure.

Wewe ndiye uliyenifundisha baiskeli kwenye uwanja wa kiwanda, ukikimbia nyuma umeshika kiti. Wewe ndiye uliyelipigania jambo la mimi kusoma. Kwa hiyo sitakuita jina lolote. Nakuuliza tu, alasiri ile mikono yako ilikuwa na mafuta kiasi gani hata ukalazimika kuoga?

Nilikupa mkono wangu uandike barua za kumwua mtu aliyemwopoa dada yangu majini. Sasa nauchukua. Girdhari nimemwandikia leo, nimemwambia mimi ni nani na ni nani atakayemngoja Jhansi. Hatakuja. Nenda ukaketi kwenye benchi lako peke yako, Kaka, na ukichoka kuketi nenda polisi.

Vasudha


Allahabad
22 Juni 1987

Bwana Girdhari,

Usije Jhansi. Sari ya manjano haitakuwepo. Atakuwepo Raghuraj, mwenye kiwanda, na kwa ninavyomjua, na bastola.

Hakuna Nirupama. Mimi ni Vasudha, mdogo wake Indumati, yule aliyekuwa nyuma yake na kisu na chumvi alipokutupia pera. Nilikuandikia ili ukitoka tujue ulipo. Nilitaka ufe. Nilitaka hivyo mpaka wiki hii, ingawa tangu Februari nilikuwa nikizisoma barua zako mara mbili, moja kwa ajili ya kaka yangu na moja kwa ajili yangu.

Mama yetu ndiye aliyempaka rangi. Niliona kwa macho yangu, nikadhani ni furaha. Nitakwenda kusema hivyo mahakamani, mbele ya hakimu yeyote.

Ondoka Datia. Usiniambie unakwenda wapi.

Vasudha


Datia
19 Julai 1987

Vasudha,

Umengoja barua hii kwa hofu, najua, na nimechelewa kwa sababu sikujua nianze na jina gani.

Nilikwenda Jhansi. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni. Dada yangu alilala mlangoni kunizuia, nikamruka. Usifikiri ni ushujaa. Nilikuwa na swali moja ambalo nimelala nalo na kuamka nalo, na mtu wa kulijibu duniani ni mmoja.

Alikuwa benchi la mwisho, amejitanda shali mwezi wa saba, jua linachoma. Nikaketi karibu naye. Nikasema, "Bwana Raghuraj, mdogo wako amekwisha kuniambia kilichomo ndani ya hiyo shali." Akasema, "Na mimi ameniambia hutakuja." Muuza chai akapita, nikachukua vikombe viwili, nikampa kimoja. Akakipokea. Sijui kwa nini alikipokea.

Nikamwambia, "Sikuja kugombana. Niambie alisema nini mwisho."

Treni ya mizigo ikapita yote, behewa kwa behewa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nilimwona anatoka peke yake, nikamfuata kiwandani, nikamkuta ameshika begi. Alisikia hatua zangu nyuma yake. Akageuka, akaona ni mimi, akacheka. Alidhani nimekuja kumpaka rangi. Akafumba macho, akaniletea uso. Akasema, 'Taratibu, Kaka, usiniingize machoni.'"

Nikamwuliza, "Na wewe?"

Akasema, "Mikono yangu haikuwa na rangi."

Chai ilikuwa imempoa mkononi. Akaitoa bastola imefungwa kitambaa, akaiweka benchini kati yetu, upande wangu. "Chukua," akasema. "Hakuna atakayekulaumu. Mimi mwenyewe nimejaribu nikashindwa."

Nisikudanganye. Niliitamani. Niliitazama kama mtu mwenye kiu anavyotazama mtungi. Nikamwambia, "Nimeshafungwa kwa ajili yako mara moja, inatosha." Akatikisa kichwa, akaiokota, akainuka. Nilidhani anaondoka na treni. Akavuka reli, akaingia kituo cha polisi cha stesheni, taratibu, kama mtu anayeingia kwake. Wakili wangu anasema ameandikisha yote, isipokuwa jina la mama yenu. Amesema rangi alijipaka mwenyewe.

Sasa mimi na wewe. Sikuchukii. Nimejaribu, nikidhani itanipumzisha. Lakini nilinunua shati kwa ajili ya Nirupama, na Nirupama hayupo. Nimefiwa na wanawake wawili wa nyumba moja, na wa pili hakuwahi hata kuishi. Nikikuona wewe nitamtafuta yeye usoni mwako, na nyuma yake nitamwona Indu, na wewe utakuwa umekaa hapo bila mtu wa kukutazama. Hustahili hivyo.

Kuna bendi Sagar inataka mpiga tarumbeta. Nakwenda huko.

Girdhari


Morena
2 Agosti 1987

Vasudha,

Haya ni maneno yangu mimi mama yako, anaandika mke wa jirani kwa kuwa mimi sijui kuandika. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

Nilikuwa na watoto watatu asubuhi. Jioni nilikuwa na wawili, na mmoja wa hao kitanzi kilikuwa kinamngoja. Alipoingia na nywele mbichi, sikuuliza. Nilimwona macho, nikajua Indu yuko wapi. Wewe ungefanya nini? Huna mtoto, huwezi kunijibu.

Mmoja nilimfunika kwa sanda, mmoja nilimfunika kwa rangi, wewe ukaja kufunua. Umesema kweli. Sijasema umesema uongo. Lakini usije nyumbani.

Mama


Morena
10 Januari 1988

Bwana Girdhari,

Nimepata anwani yako kwa wakili. Hii ni barua ya mwisho na haitaki jibu.

Wakili ameniambia hukumu yako imefutwa kabisa, jina lako limesafishwa. Raghuraj amepata kifungo cha maisha na hakukata rufaa.

Nilikuja nyumbani, ingawa nilikatazwa. Mama hakunifungulia mlango. Nikaketi barazani na sanduku langu mpaka mke wa jirani akaja akamwambia, "Watu wanapita, wanaona." Akafungua. Tangu hapo naishi hapa, nafundisha shule ya wasichana, napika, anakula, hasemi nami. Kiwanda kimefungwa. Familia ya Bhind haikuuliza tena.

Ulisema nikikaa mbele yako hakutakuwa na mtu wa kunitazama. Nimelifikiri sana neno hilo. Ni kweli, na linauma kwa kuwa ni kweli. Mengi katika barua za Nirupama yalikuwa ya uongo: jina, ujane, safari ya kwenda kwa ndugu. Nilipoandika kwamba nimeshangaa jinsi nilivyofurahi, hapo nilikuwa mimi. Nimetaka ulijue hilo, basi, halafu uliweke popote.

Kila Jumatatu mama huenda Gwalior kumwona Kaka. Hawezi safari peke yake, kwa hiyo nampeleka. Namfikisha getini, anaingia, mimi nabaki nje kwenye foleni ya wanaosubiri, na chombo cha chakula kitupu. Tunarudi kwa basi bila neno.

Jumatatu hii, tukiwa ndani ya basi, alisema. Hakunitazama, alikuwa anatazama mashamba ya haradali yaliyochanua. Alisema, "Ameniuliza habari zako."

Nikamgeukia.

"Nikamwambia uko nje getini. Akasema, 'Kwa baridi hii?'"

Nililia mpaka Morena, mbele za watu. Mama hakunibembeleza. Lakini tuliposhuka alinishika mkono kuvuka barabara, na tulipofika ng'ambo hakuuachia haraka.

Jumatatu ijayo nitaingia naye. Sijui nitaanza na neno gani. Sijui kama nitaweza kumtazama mikono.

Uwe na afya njema huko Sagar.

Vasudha